Kadi za Mzee Lauchie

Port Ronan, Cape Breton
12 Januari 1998

Bi. Murdena Matheson,

Hatujuani, kwa hiyo naomba niingie moja kwa moja. Mimi ni Edwige Deveau, mtaalamu wa tiba ya muziki katika nyumba ya wazee anamoishi baba yako tangu alipopatwa na kiharusi Oktoba. Nimejaribu kukupigia simu huko kambini kwenu, kwenye machimbo ya mafuta ya Alberta. Mara uko zamu, mara laini imekatika, na yule anayepokea simu ameshanichoka. Ndiyo maana naandika.

Mwilini baba yako anaendelea vizuri. Mkono wa kulia bado umelala, lakini anajikongoja na fimbo mpaka dirishani, na akifika huko anaitukana barafu ya baharini. Najua anaitukana kwa kuitazama sura yake tu, maana maneno hayatoki. Kiharusi kimempiga hapo hapo yanapokaa maneno. Ukimwuliza, "Mzee Lauchie, nikuletee chai?" anafungua kinywa, anahangaika, inatoka "ta, ta, ta," kisha anapiga meza ngumi.

Lakini akiimba, maneno yanatoka! Juzi nilianza kwa gitaa wimbo mmoja wa zamani, katika zile nyimbo mlizokuwa mkiimba jikoni watu wakijaa, naye akaudaka akaumaliza ubeti mzima, neno kwa neno, mpaka wauguzi wakaja kusimama mlangoni. Wimbo ulipokwisha akataka kusema kitu. Ikawa ta, ta, ta tena. Akalia. Mimi nikageuka upande, nikajifanya nakaza nyuzi.

Kazi yangu sasa ni kuyavusha maneno hayo kutoka kwenye wimbo hadi kwenye maisha. Tunapiga meza polepole kwa mkono wa kushoto na kuimba "chai mo-to", halafu sauti ya wimbo tunaipunguza kidogo kidogo. Ili achague mwenyewe tunaimba nini, natumia kadi za picha, na hapo ndipo tumekwama. Kadi nilizopewa na ofisi zimenunuliwa kwa katalogi. Nyumba ni ya maua na uzio mweupe. Kazi ni bwana aliyevaa tai. Furaha ni bata mwenye kofia. Baba yako alilitazama lile bata, akanitazama mimi, akalitupa chini.

Nataka kumtengenezea kadi zake mwenyewe. Nitumie picha: nyumba yenu, marehemu mama, mbwa, buli, chochote. Na uniambie ni nyimbo gani zilizokuwa zake.

Wako,
Edwige Deveau


Kambini, kaskazini mwa Fort McMurray
27 Januari 1998

Bi. Deveau,

Barua yako nimeisoma ndani ya lori nikisubiri kupakiwa. Lori langu ni refu kuliko nyumba yenu ya wazee, ukitaka kujua, na ndani yake nina muda mwingi wa kufikiri. Nimefikiri. Jibu ni hapana.

Baba yangu si mtoto wa chekechea. Mtu yule alisimama juu ya pipa kwenye lango la mgodi, mvua ya barafu inampiga usoni, akawaambia wakubwa kwamba hakuna mtu atakayeshuka shimoni mpaka mbao za kuegemeza dari zibadilishwe. Wanaume wazima walikuwa wakinyamaza akisema. Leo unataka nikutumie picha ya buli ili apige meza na kuimba "chai moto"? Ungemjua usingethubutu. Mwachie mzee heshima yake iliyobaki.

Isitoshe, umechelewa. Bi. Carmody, msimamizi wenu, amenieleza wazi kwamba baba haelewi tena kinachosemwa, na kwamba Halifax kuna nyumba kubwa yenye wodi ya watu wa namna yake. Anasema alimwuliza mbele ya daktari, naye akaitikia kwa kichwa. Basi nimekubali ahamishwe mwishoni mwa Aprili, wakishaketi kikao cha mwisho. Nyumba yetu ya Mtaa wa Tatu itauzwa.

Nyimbo zake sizijui. Alikuwa akiimba na watu wengine. Nilipoondoka kuja huku aliniambia lori si kazi ya mwanamke na kwamba nakwenda kuchimba shimo la watu wa mbali wakati la kwetu limefungwa. Tangu hapo tumekuwa tukisalimiana tu.

Usiniandikie tena kuhusu bata.

M. Matheson


Port Ronan
6 Februari 1998

Bi. Murdena,

Hasira yako nimeipokea kwa mikono miwili, maana afadhali hasira kuliko kimya. Sasa na wewe pokea yangu.

Nani kakwambia haelewi? Siku ile ya bata, baada ya kulitupa, alinyoosha mkono akautaka mkasi wangu. Mkono wa kushoto, mkasi wa mkono wa kulia, na akakataa kusaidiwa. Alikata kipande cha boksi la biskuti, jasho likimtoka, ulimi umebana mdomoni. Kisha akachukua krayoni nyeusi akakipaka kipande chote, asibakize hata ukucha wa weupe. Nikadhani ana huzuni. Ndivyo tulivyofundishwa, ukiona nyeusi andika "huzuni". Halafu akachukua msumari akatoboa tundu dogo katikati, akakiinua dirishani. Mwanga ukapita pale tunduni.

Ilikuwa ni mgodi, Murdena. Giza, na taa moja ya kichwani.

"Mgodi?" nikamwuliza. Akapiga meza, akaimba kwa sauti iliyotetemesha vikombe: "Mgo-di!" Tangu Oktoba hilo ndilo neno lake la kwanza ambalo halikutoka ndani ya wimbo wa mtu mwingine.

Sasa tunatengeneza pamoja. Mimi nakata picha kwenye magazeti ya zamani, yeye anachagua. Tunabandika kwenye kadibodi, tunafunika kwa plastiki, nyuma tunaweka utepe wa kunasa, ule wa viatu vya watoto. Mimi nilikuwa nikizipanga kwenye maboksi ya viatu kwa rangi: nyekundu nyimbo, kijani vyakula, bluu watu. Baba yako aliyatazama maboksi yangu kama mtu anayetazama jiko chafu. Akachora mstari mrefu na nukta nukta. Sikuelewa. Aliyeelewa ni Bi. Philomena Boudreau wa chumba cha jirani, mjane wa mchimbaji.

"Mama wewe, huyo anataka ubao wa vibati," akasema. "Pale mgodini, kwenye chumba cha kuchukulia taa. Kila mtu na kibati chake chenye namba. Ukishuka shimoni unakitundika, ukipanda juu unakitoa. Jioni wakitazama ubao wanajua nani bado yuko chini."

Tukapata ubao, tukaukongomelea ndoano za vikombe. Tunachotaka kukiimba kinatundikwa, kikishaimbwa kinatolewa. Na kila mzee ana kibati chake, tumekata kwenye makopo ya siagi. Sasa watu ambao hawakuwa wakija muziki wanakuja wenyewe kutundika vibati vyao. Baba yako anakagua ubao, na aliyechelewa anakodolewa macho.

Kuhusu kuitikia kwa kichwa: nilimwuliza, "Mzee Lauchie, wewe ni askofu?" Akaitikia. "Umezaliwa Uchina?" Akaitikia. Ugonjwa wake ndivyo ulivyo. Kichwa kinasema ndiyo kabla yeye hajafika. Basi kama kuna mtu amekwambia kwamba baba yako amekubali Halifax, amekubali kama alivyokubali uaskofu.

Mimi sina mamlaka juu yake, wewe unayo. Lakini usiseme ameulizwa.

Edwige Deveau


Kambini
19 Februari 1998

Bi. Deveau,

Nimempigia Bi. Carmody. Nimemwuliza alimwuliza baba nini hasa. Akasema, "Nilimwuliza kama angependa mahali pazuri zaidi." Nikasema hata mimi ningeitikia.

Humu kuna picha. Mwenye aproni ni mama yangu, Jessie. Mbwa ni Boson, alikufa zamani, lakini baba hakuwahi kukubali kuweka mwingine. Hiyo ni baraza yetu, mlango wa kijani. Rangi aliipaka mwenyewe kila mwaka, hata mwaka wa mgomo. Hilo ni buli. Sikuamini nitakuja kumpelekea mtu picha ya buli kwa posta.

Nyingine ni mimi na lori. Hiyo usimwonyeshe. Nimeitia ili wewe ujue unabishana na nani.

Mwulize kuhusu Halifax. Mwulize sawasawa, si kwa kumtega upande wowote, na uniandikie alivyojibu hata kama jibu halitakupendeza.

Murdena


Port Ronan
5 Machi 1998

Murdena,

Nakuandikia nikiwa nanuka supu ya samaki, na utaelewa sasa hivi.

Jumatatu nilifika kazini nikakuta ubao hakuna. Kwenye ukuta zimebaki alama za misumari. Maboksi ya kadi hakuna, vibati hakuna. Nikaenda ofisini.

"Edwige," Bi. Carmody akaniambia, mtulivu kama maji ya mtungini, "hii ni nyumba ya wazee, si maonyesho ya shule ya msingi."

"Yale ni maneno yao, Bi. Carmody."

"Ni maboksi ya biskuti. Yanashika vumbi, yanashika moto, na mkaguzi anakuja. Una kadi zilizoidhinishwa. Zitumie."

"Zina bata."

"Bata ana ubaya gani?"

Nikamwuliza viko wapi. Akasema viko kunakostahili. Nikatoka mbio hadi nyuma ya jiko, nikainama ndani ya pipa mpaka kiunoni. Juu ya kadi zetu walikuwa wamemwaga supu ya jana. Nilipoinua kichwa nikakuta Bi. Philomena ameegesha kiti chake cha magurudumu katikati ya mlango wa jiko, na nyuma yake baba yako na fimbo, na nyuma yao wengine. Mpishi anataka kutoa takataka, hapati njia.

"Bibi, sogea kidogo."

"Nimekaa tu, mwanangu. Kuna sheria inayomkataza kilema kukaa?"

Tulichambua kila kitu. Kadi zilizolowa zimeharibika, lakini picha zako zilikuwa mfukoni mwangu, hazikuguswa. Na ule mgodi mweusi, baba yako alikuwa nao kifuani, ndani ya fulana. Vibati tumevisuuza.

Tumeanza upya, safari hii kwa akili. Kasema vumbi? Tumekata kitambaa cha mpira cha mezani, kinapanguswa kwa tambara. Moto? Hakuna kadibodi. Ukuta? Hatuugusi. Kila mzee kadi zake zimetobolewa, zimetiwa kwenye pete ya pazia na kufungwa kwenye kiti au fimbo yake, na kibati chake shingoni. Bi. Carmody alipopita, Bi. Philomena akamwambia, "Ukuta wako, mama. Kiti changu." Nimepewa onyo la maandishi. Nimelitia sahihi kwa krayoni.

Sasa lile uliloniagiza. Nilitengeneza kadi mbili: moja picha ya lile jengo la Halifax, nyingine picha ya nyumba hii. Nilimweleza polepole, nikimwimbia. Nilibadilisha pande, nikamwuliza siku tofauti, nikamwachia muuguzi mmoja amwulize mimi nisiwepo, ili isiwe ananifurahisha mimi. Kila mara Halifax aliiweka sakafuni na kuikanyaga. Muuguzi alicheka, baba yako hakucheka.

Basi jibu unalo. Anachagua kubaki hapa Port Ronan.

Edwige


Kambini
17 Machi 1998

Edwige,

Unajua kuna nini kwenye bahasha yako? Hukukitia wewe, nina hakika, maana kimeshonwa kwa uzi wa sufu, na nadhani mshonaji ni yule Bi. Philomena wako.

Ni kadi ya kitambaa cha mpira. Mbele imebandikwa picha yetu ya baraza, ile ya mlango wa kijani. Juu ya mlango mtu amechora ufunguo kwa krayoni nyeusi, mchoro wa mkono wa kushoto, mkubwa kuliko mlango wenyewe. Na nyuma yake ameweka kibati. Kibati chake, Edwige. Amekivua shingoni.

Mtu akipanda juu anatoa kibati anakwenda wapi? Nyumbani. Haendi nyumba ya wazee ya Port Ronan.

Ulimwuliza "huku au kule". Mlango wa tatu hukumwonyesha. Najua kwa nini, usijieleze: ulijua nyumba inauzwa, ukaona usimtie mzee tamaa wala usinitie mimi kwenye kona. Sasa mzee ametutia sote kwenye kona kwa mkasi na uzi.

Nimekaa na kibati hiki mkononi zamu nzima. Nilikuwa nimejiambia kwamba mtu aliyesimama juu ya pipa amekufa tangu Oktoba na mimi namzika kistaarabu. Kumbe yuko, na bado anagoma.

Nyumba nimeiondoa sokoni. Wakala amenitukana kwa adabu. Nimeomba ruhusa nije kwenye kikao. Usimwambie baba, nikichelewa ndege asiumie.

Murdena


Port Ronan
26 Machi 1998

Murdena,

Umesema kweli, na sijielezi.

Mambo yamekuwa mabaya. Kikao kimeharakishwa, sasa ni tarehe saba Aprili, na mimi nimesimamishwa kazi. Sababu iliyoandikwa ni "kuwachochea wakazi". Siruhusiwi kuingia hata kumsalimia. Nimerudi Chéticamp kwa mama kwa muda.

Itabidi wewe uzipange kadi. Usiogope. Weka chache, zisizidi anazoweza kuzitazama kwa pamoja. Keti kushotoni kwake. Piga meza kwa kiganja, polepole kama mtu anayetembea kwenye theluji, uimbe swali, kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Utatamani kumsaidia. Usimsaidie.

Na ile picha ya lori niliiweka kwenye pete yake. Nisamehe au usinisamehe.

Edwige


Mtaa wa Tatu, Port Ronan
9 Aprili 1998

Edwige,

Nakuandikia kwenye meza ya jikoni kwetu, jiko limewaka, na mzee anakoroma chumba cha pili. Ndiyo. Sasa nikueleze.

Nilifika siku moja kabla. Baba aliponiona mlangoni alinyoosha kidole, ikatoka "ta, ta, ta", akakasirika, akaipekua pete yake akatoa picha ya lori. Akainyanyua usoni pangu. Nikadhani ananisuta kama zamani. Nikasema, "Ndiyo baba, bado naendesha, na bado siombi ruhusa." Akaibusu ile picha, Edwige. Yule mzee jiwe. Nikatoka nje kuvuta hewa, na hewa ya Aprili huku unaijua, imekaa na barafu. Nikarudi macho mekundu nikasema ni upepo.

Kikaoni walikuwa Bi. Carmody, daktari kijana anaitwa Sutherby, na bibi mmoja wa ofisi ya serikali aliyekuwa akitazama saa. Bi. Carmody alianza yeye.

"Bwana Matheson, unajua tunakutakia mema?" Baba akaitikia. "Unajua Halifax kuna wataalamu?" Akaitikia. Akawageukia wenzake: "Mnaona."

Nikasema, "Daktari, mwulize kama yeye ni mke wangu."

"Samahani?"

"Mwulize."

Akauliza, amepigwa butwaa. Baba akaitikia kwa heshima zote. Yule bibi wa serikali akaacha kutazama saa.

Nikavuta kiti kushotoni kwake. Kadi ziliniponyoka zote, mimi ninayeshusha lori lile kwenye mteremko wa barafu bila kupepesa. Nikapanga kadi: Halifax, nyumba ya wazee, baraza. Bi. Carmody akasema, "Hizi kadi haziruhusiwi humu." Nikamwambia, "Nilifikiri zilizokatazwa ni za kadibodi. Hii ni mpira, mama, pangusa uone." Daktari akasema tuendelee.

Nikapiga meza. Sauti yangu mbovu, ungeisikia ungecheka. Nikaimba, "Ba-ba, wa-ta-ka wa-pi?" Kisha nikanyamaza.

Uliniambia kunyamaza ni kugumu. Hukuniambia kwamba ni kama kumtazama mtu anapanda kutoka shimoni kwa ngazi gizani, na wewe uko juu huna kamba. Mdomo ulifunguka ukafungika. Bi. Carmody akaanza kukusanya makaratasi yake. Baba akaweka kiganja juu ya Halifax, akaisukuma ikaanguka. Akaishika kadi ya nyumba ya wazee. Akakaa nayo kidogo, nafikiri kwa ajili ya Bi. Philomena, kisha hiyo aliilaza kifudifudi, taratibu. Akapiga meza. Mara moja. Tena. Akaimba, na sauti haikuwa ya mgonjwa, ilikuwa ile ya langoni:

"Si-en-di. Nyum-ba-ni."

Akaona haitoshi. Akamtazama Bi. Carmody, akapiga tena: "Si-en-di!"

Huko kwenye ukumbi, mlango ulikuwa wazi, nikasikia viti vinagongwa. Walikuwa wamejipanga wote, na kila mmoja anapiga kibati chake kwenye chuma cha kiti. Muuguzi aliwaomba watulie. Bi. Philomena akamwambia wanafanya mazoezi.

Daktari Sutherby ameandika kwa mkono wake kwamba mgonjwa anaelewa na amekataa. Bibi wa serikali akauliza kadi zinatoka wapi, nikamwambia alizitengeneza mtu mliyemsimamisha kazi. Ameliandika jina lako. Watatupa muuguzi wa kuja asubuhi, na binamu yangu Flora wa nyumba ya pili atamwangalia jioni. Bi. Carmody hakunipa mkono. Nikamshukuru hata hivyo, na ikamuuma kuliko kutukanwa.

Sasa jambo la mwisho. Jumatatu narudi Alberta kuandika barua ya kuacha kazi. Baba amenyamaza miezi mingi mimi nikiwa mbali, na mtu aliyepigana namna ile hawezi kuachiwa binamu. Juni nitakuwa nimerudi kabisa. Nimekwisha kuamua, usinibishie.

Murdena


Port Ronan
20 Mei 1998

Murdena,

Sikubishii. Anayekubishia ni mwingine, mimi karani tu.

Kwanza habari. Wameniita nirudi kazini, na sharti ni nitumie kadi zilizoidhinishwa. Nimewashukuru nikakataa. Sasa nazunguka na gari langu nyumba kwa nyumba, nyuma kumejaa vitambaa vya mpira, pete za pazia na gitaa. Wale waliobaki kule hawajanyamaza: Bi. Philomena anafundisha wageni kukata kadi, na Bi. Carmody, naambiwa, sasa anagonga mlango kabla ya kuingia.

Baba yako anachemsha chai mwenyewe. Anachagua nani aimbiwe na nani afukuzwe. Flora amefukuzwa mara kadhaa na anarudi kila jioni na mkate wa molasi.

Jana nilimsomea barua uliyomwandikia, ile ya kusema unaacha kazi. Nilisoma polepole, nikamwekea picha: wewe, lori, nyumba. Nilipofika mwisho aliniashiria nisome tena. Nikasoma. Akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye kabati la jikoni akatoa mkasi, gundi na boksi tupu la biskuti, akaketi. Nikamwuliza kama anataka msaada, akanitazama tu.

Alichokikata nakitia humu. Ameichukua picha yako yenye lori akaibandika katikati. Pembeni amechora barabara ndefu, na mwisho wa barabara mlango, umefunguka. Mlangoni kuna mtu mwenye fimbo. Juu ya lori amechora mstari mnene kwenye kile kidirisha, nikafikiri amelikata, kwamba anasema acha. Nikamwuliza, "Mzee, aache?"

Akapiga meza mpaka buli likaruka.

"En-de-sha!" akaimba. Akavuta pumzi, akapiga tena. "Mur-de-na. En-de-sha!"

Kumbe ule mstari ni mkono wako, umetoka dirishani, unapunga.

Edwige